Aliyezama Anajaribu Tena Akitokea Wapi?

Gemu yangu ya kwanza ilikuwa na maji mazuri sana. Nasema hivi bila haya kwa sababu hayo maji ndiyo kitu pekee ilichokuwa nacho. Miezi minane nilikaa Likoni, chumba kimoja, laptopu ya mkono wa pili, feni yake ikilia kama tuktuk inayopanda mlima na abiria watano, nikitengeneza maji ya Kilindini. Asubuhi yana rangi ya chuma. Saa sita yanageuka kijani. Magharibi yanashika dhahabu mpaka unahisi adhana inakaribia. Nikaweka feri juu yake, na juu ya feri nikaweka magari. Halafu mtu akaniuliza mchezaji mwenyewe afanye nini, nikaweka kitufe cha kushoto na kitufe cha kulia.

Basi hiyo ndiyo gemu. Unaingiza gari kwenye feri bila kugonga mengine. Ukichelewa breki, gari linarudi kinyumenyume, linateleza kwenye mlango wa feri, linaingia baharini. Hapo ndipo nilipojivunia zaidi: maji yanapasuka, mapovu yanapanda, sauti inakuwa nzito kama umezibwa masikio, kisha maandishi meupe yanatokea polepole. UMEZAMA. JARIBU TENA.

Nikaipeleka kwa rafiki yangu aijaribu. Hakuwepo. Mamake alikuwa uani anachambua mchicha, akasema hebu nione hicho unachokesha nacho. Akafuta mikono kwenye leso, akashika simu. Gari la kwanza likapita. La pili likateleza. Akatazama mpaka mapovu yakaisha, akayasoma yale maandishi kwa sauti, akanirudishia simu.

"Mwanangu," akasema, "na huyu aliyezama, anajaribu tena akitokea wapi?"

Akarudi kwenye mchicha wake.

Kwa msomaji asiye wa huku: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee likiwa na mama na bintiye, na nchi nzima ikakaa siku 13 ikiwatazama wapiga mbizi. Haya yote niliyajua. Wiki ile ya 2019 nilivuka kila siku pamoja na watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongea. Na bado, kwa miezi minane, sikuwahi kujiuliza: katika gemu hii, kushindwa ni nini? Sikulichagua jibu. Nililikuta tayari. Katika gemu za magari ukikosea unatoka barabarani, na barabara yangu mimi ilizungukwa na bahari.

Tangu siku hiyo nimekuwa mchezaji msumbufu. Kila gemu ya kwetu nikiifungua nauliza swali la mama yule, na aghalabu nagundua kwamba aliyeitengeneza, kama mimi, hakuulizwa mapema.

Tuanze na wakubwa zetu, kwa heshima. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu iliyotengenezwa Kenya wakati ambapo wengi wetu tulidhani gemu huota tu huko Japani kama mpunga. Mimi nimeitazama kwa video tu, sijaishika mkononi. Lakini hata kwa video unaona kilichotokea: shujaa ni mwanamke Mwafrika, vitu anavyovitafuta ni vya Kiafrika, na mwendo wote, kuruka, kukimbia, kuokota, ni ule wa Tomb Raider. Mwaka 2011 kampuni ya Planet Rackus ikatoa Ma3Racer, gemu ya matatu kwa simu za Nokia. Mwaka 2015 Andrew Kaggia, yule aliyetuchekesha na katuni ya Wageuzi iliyowageuza wanasiasa kuwa mitambo ya vita, akatoa Nairobi X: wavamizi kutoka anga za juu wameshuka Nairobi, wewe una bunduki.

Sitaki kuwa yule mkosoaji wa maskani anayekunywa kahawa ya bure na kusema kahawa haina tangawizi. Kuifikisha gemu mwisho, kokote, ni kazi ya kuvunja mgongo. Kuifikisha Kenya mwaka 2007 ni ubishi wa aina yake. Ila nikiitazama Nairobi X leo najiuliza: ukiing'oa Nairobi ukaweka Toronto, mchezaji atabadilisha nini vidoleni mwake? Hatabadilisha chochote. Atalenga vilevile, atajificha vilevile, atakufa na kufufuka vilevile. Nairobi imekuwa pazia la studio ya picha, lile lenye maporomoko ya maji ambalo wazazi wetu walisimama mbele yake siku ya Idi. Unapendeza, lakini hukulowa.

Ma3Racer inaniuma zaidi kwa sababu ilikuwa karibu sana. Waliona kwamba matatu ni gemu. Ni kweli, tena ni gemu bora kuliko nyingi! Lakini walidhani gemu iko kwenye usukani. Muulize makanga yeyote wa Kisauni gemu iko wapi. Atakuambia iko steji. Una abiria tisa, viti kumi na vinne. Uondoke na tisa uokote njiani, au ungoje ujaze na huku nyuma yako mwenzio anapiga honi? Ukiondoka, je, yule wa mbele amekwishafagia Bombolulu yote? Nauli upandishe kwa sababu wingu limetanda, au ushushe kwa sababu mbele kuna skwodi na unataka abiria wachache wa haraka? Huo ndio uamuzi, unafanywa kila dakika, na ukikosea hakuna anayekufa: unarudisha gari jioni hesabu ya tajiri haijatimia. Kila mtu anayepanda matatu amekwishauona mchezo huo ukichezwa. Ma3Racer ilichukua matatu ikaacha mchezo wake steji, ikaenda kuazima mchezo wa gari za mashindano ambao haukuwa wetu wala haukuwa na shida ya kuazimwa.

Hilo ndilo ninaloliita kujenga kabla ya kupanga. Huwa tunadhani kosa la kutopanga ni uvivu au fujo: mafaili yamechanganyika, kazi inachelewa, pesa inaisha. Hayo yapo, na mimi nimeyaonja. Lakini kosa kubwa ni la kimya. Usipopanga, gemu haikosi mpango. Inachukua mpango wa mtu mwingine. Injini unayoitumia, iwe Unity au Godot, na yale mafunzo ya video unayoyafuata saa nane za usiku wakati bando ni rahisi, vyote vinakuja na majibu ndani yake: mchezaji ana uhai mara tatu, akigusa adui anakufa, akifa anarudi mwanzo. Unakubali bila kusaini. Mama wa rafiki yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuusoma ule mkataba.

Nilikaa na aibu yangu wiki kadhaa. Sikufungua laptopu. Jioni nikawa naenda kukaa na wazee wanaocheza bao, si kwa ajili ya utafiti wowote, ni kwamba pale hapana mtu aliyeniuliza gemu imefika wapi. Nilikuwa najua bao kijuujuu, kama kijana yeyote wa Pwani: najua kusambaza, sijui kushinda. Lakini mtu aliyeharibu gemu yake ana macho mapya.

Lile bao lao lilikuwa bovu. Ubao umepasuka, shimo moja limezibwa kwa nta, kete zimechanganyika: komwe nyingi, na mawe mawili matatu ya kujazia hesabu. Uzuri wowote hamna. Huku ukienda maduka ya vinyago yaliyo karibu na mahoteli utaona mabao ya mpingo yamechongwa kama samaki, yamepigwa msasa mpaka yanang'aa, mengine yana safu mbili tu za mashimo, na hakuna mtu atakayeyachezea. Yatatundikwa ukutani Ulaya. Nikajiona nilivyo: miezi minane nilikuwa nachonga bao la mtalii.

Tazama sasa kilichopangwa ndani ya lile bovu. Mashimo 32, safu nne za manane. Kete 64, kila mchezaji 32. Unaanza na kete sita ndani ya nyumba, mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani yake, na 22 zimebaki mkononi. Mtu aliyeweka hesabu hiyo alikuwa amefikiri. Angeweka zote ubaoni tangu mwanzo, mchezo ungeanza kwa kelele. Akaziweka mkononi uzitoe moja moja, ndiyo awamu ya kunamua, na kila kete inayotoka ni kama neno ambalo huwezi kulirudisha. Zikiisha mkononi unaingia mtaji, na sasa unaishi na ulichokisema. Kuna sheria inayonipendeza kuliko zote: ukiwa na kula, lazima ule. Huwezi kujifanya hukuona. Kwa hiyo mchezaji mjanja anampa mwenzake chakula ambacho hakutaka kula. Kuna na nyumba yenyewe: ukisambaza kwa kula na kete yako ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, una hiari ya kusimama hapo ukaihifadhi, au kuitoa yote safari. Nimeona wazee wawili wakinyamaza dakika nzima, kahawa ikipoa, kwa sababu ya hiari hiyo moja.

Na swali la mama? Bao lina jibu. Kete ikiliwa haitoki ubaoni. Inahamia upande wa pili, inaanza kusambazwa na mtu mwingine. Mwanzo wa mchezo ni 64, mwisho ni 64. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au hana tena pa kuanzia. Hakuna aliyezama. Kuna aliyeishiwa.

Nilirudi nyumbani nikitetemeka kidogo, nikatoa boksi la unga, nikalikata, nikachora feri kwa kalamu ya wino. Miraba thelathini na miwili, kwa sababu bao lilikuwa bado kichwani. Vizibo vya soda vikawa magari. Viberiti vikawa malori, kila kimoja kinakula miraba minne. Komwe zikawa watu. Foleni mbili, upande wa Likoni na upande wa mjini, na mchezaji ndiye anayeamua nani apande. Gari linalipa. Anayetembea halipi, kama ilivyo kweli pale feri.

Ngoja niseme jambo hapa ambalo linanitia aibu kuliko yote. Nilipokuwa nahesabu komwe ndipo nilipogundua kwamba katika gemu yangu ya maji mazuri hakukuwa na mtu hata mmoja anayetembea. Feri ya Likoni, bila watu wa miguu! Yaani ni kama kuchora Marikiti bila watu. Sababu ni kwamba kuwachora watu wakitembea ni kazi ngumu, miguu inateleza, simu inakuwa nzito. Nikaanza na kilicho rahisi kuchora, na kilicho rahisi kuchora kikawa ndicho kilichopo duniani.

Mchezo wa kwanza wa boksi nilicheza peke yangu, ukaniudhi ndani ya dakika kumi. Jibu lilikuwa moja tu: jaza, vuka, jaza, vuka. Hiyo ni kazi, haijawa mchezo. Nikalala. Alfajiri nilivuka kwenda mjini, na katikati ya shughuli zote feri ikasimama, haiondoki, na watu wakageuza shingo: meli ya kontena inaingia bandarini, ndefu kama mtaa, na meli ikipita feri inangoja. Nimeona jambo hilo maisha yangu yote. Jioni nikaongeza dadu. Kila zamu unarusha. Ikija sita, meli imeingia, hakuna kuvuka.

Hapo mchezo ukafungua macho. Kwa sababu sasa una feri nusu, na dadu bado. Uondoke sasa hivi na nafasi tupu, au ungoje wajae na meli ikukute? Sheria moja, dadu moja, na gharama yake haikufika shilingi hamsini. Kwenye laptopu, kuiongeza meli kungenila wiki tatu, na najijua: wiki mbili kati ya hizo ningekuwa nachora moshi wake.

Nikalipeleka boksi Kisauni, kwa vijana watatu ninaocheza nao mpira, nikatandika mkeka nje. Nikawaeleza sheria kwa dakika tano. Raundi ya nne hivi nikaona jambo baya. Walikuwa wanapakia vizibo tu. Kizibo kinalipa, komwe hailipi, basi komwe wa nini? Feri inaenda na magari, inarudi na magari, na upande wa Likoni komwe zinarundikana mpaka zikamwagika mkekani. Aliyeshinda alishinda kwa mbali. Nikamwambia, we, umeacha watu mia mbili gatini tangu asubuhi. Akanitazama kama mjinga.

"Si wewe ndiye ulioandika hawalipi?"

Nilikuwa nimeandika. Pointi zangu zilikuwa shilingi, na shilingi zilisema kwamba mama wa miguu ni mzigo. Sikukusudia kusema hivyo kuhusu watu wangu, lakini sheria haijali makusudio. Mtu anaweza kuandika shairi zuri la kuwatetea waendao kwa miguu na akaliweka mwanzo wa gemu hii, na bado gemu ingewafundisha wachezaji wawaache gatini, kwa sababu mchezaji anasoma pointi kwanza. Nadhani wakosoaji wetu wa fasihi wakija kuandika kuhusu gemu, na waje haraka, hapa ndipo pa kuanzia. Tusiishie kuuliza kama wahusika wanaongea Kiswahili fasaha na wamevaa leso. Tuulize gemu inalipa nini, na inamtoza nani.

Niliondoa shilingi. Nikahesabu kungoja badala yake: kila anayebaki gatini mwisho wa zamu, komwe au kizibo, ni pointi moja dhidi yako. Mchezo ukageuka kabisa, ukawa mgumu na wa haki zaidi, ingawa sasa ulionea magari. Nikaupeleka Changamwe kwa binamu yangu ambaye ni taniboi wa malori, nikitarajia atatetea viberiti. Akaviangalia, akaviokota vyote, akaviweka kando. "Tangu Dongo Kundu ifunguke, mwenye trela mwenye akili anafuata nini hapa?" Akaomba chai. Vile viberiti nilikuwa nimevipaka rangi ya kampuni tatu tofauti, nikitumia Jumapili nzima. Nikavirudisha jikoni. Kama ningekuwa nimevitengeneza kwa modeli za pande tatu, vyenye matairi yanayozunguka, wallahi ningebishana naye mpaka usiku.

Huko nje hii si habari mpya. Hatua za Super Mario Bros. ya 1985 zilichorwa kwanza na Shigeru Miyamoto na wenzake kwenye karatasi ya mirabaraba, kwa kalamu, ndipo waandishi wa programu wakapewa. Lucas Pope alipotoa Papers, Please mwaka 2013, picha zake zilikuwa za pikseli chafu na rangi ya tope, lakini kazi ya mchezaji ilikuwa imefikiriwa hadi ukucha: wewe ni afisa wa mpaka, unakagua hati, makosa yakizidi yanakatwa kwenye mshahara, na nyumbani kuna familia yenye baridi. Huambiwi mfumo ni mkatili. Unajikuta unamfukuza mtu kwa sababu muhuri umekosea, kisha unatazama saa. Gemu ile inaelewa foleni kuliko gemu yangu ya feri ilivyoielewa feri.

Na karibu zaidi na sisi kuna Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, ambaye mamake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia laptopu. Gemu yake Salaam, kwa umbo, ni ya kukimbia, umbo tunalolijua. Lakini alilipangia jibu la swali la kushindwa: mchezaji anakimbia vita, nguvu zinaisha, na chakula, maji au dawa anayonunua ndani ya gemu imekusudiwa iwafikie wakimbizi wa kweli. Nina mashaka na kuunganisha huruma na pochi, siyafichi. Ila hakuna anayeweza kusema mtu huyu aliazima maana ya kushindwa bila kufikiri. Mwaka 2018 alitambuliwa jukwaani kwenye The Game Awards, na sidhani ilikuwa kwa uzuri wa maji.

Sasa, kuna aina ya kupanga ambayo naipinga vilevile. Niliwahi kuhudhuria mafunzo ya vijana wabunifu, kulikuwa na samosa na kamba za vitambulisho shingoni, na tukaambiwa tuandike andiko la ubunifu wa gemu kabla ya kugusa kompyuta. Nikaandika kurasa thelathini na nne. Zilikuwa na historia ya ukoo wa mhusika mkuu, soko lengwa, nembo, mpango wa mapato wa miaka mitatu, na sehemu nzima kuhusu utamaduni wa Pwani. Nimelisoma tena juzi. Halina sheria hata moja. Hakuna ukurasa unaosema: zamu yako ikifika, unaweza kufanya hiki au kile, na hiki kitakugharimu vile. Mtu hawezi kulichezea. Lilikuwa andiko la kuombea pesa, na kwa kazi hiyo pengine lingefaa, lakini tuliliita mpango na tukaamini.

Wapo wenzangu watakaosema kinyume, kwamba karatasi inaua moto, kwamba gemu hupatikana mikononi, ukiwa unajenga. Wana haki kwa nusu. Utamu wa kuruka, uzito wa gari likikata kona, mtikisiko mdogo wa simu ukigonga kitu, hivyo huwezi kuvijua kwa boksi la unga. Gemu ya vidole ijengwe haraka, kwa miraba ya kijivu bila picha, kisha itupwe ijengwe tena. Nami sisemi karatasi ndiyo dawa ya kila kitu. Nasema tu kwamba uanze na kile ambacho hutaona uchungu kukitupa, kwa sababu kitu chenye maji mazuri hukitupi. Unakitetea. Mimi ningali nimeiweka ile gemu ya kwanza kwenye laptopu, na usiku mwingine naifungua, siendeshi gari lolote, natazama tu magharibi ikishuka Kilindini.

Gemu ya boksi ina wiki kumi na moja sasa. Ina sheria saba. Ilifika kumi na tisa, zikapungua. Gari la wagonjwa limo, na halina pointi: ukiliacha gatini hakuna kinachotokea, linabaki pale tu, mbele yako, kila zamu, na mpaka leo sijamwona mchezaji aliyeliacha zaidi ya zamu mbili. Sijaandika mstari hata mmoja wa programu. Rafiki yangu anasema naogopa. Huenda.

Wiki iliyopita nililipeleka kwa mamake. Ilinichukua muda, nilipita nje ya lango lao mara mbili. Alikuwa ametandika mkeka, tukaweka boksi katikati, nikamwonyesha. Hakuuliza kuhusu kuzama, nami sikumkumbusha. Alicheza polepole, kama anayepanga sahani kabatini. Alirusha sita mara mbili mfululizo na akaingoja meli bila kulalamika. Komwe alizipanga pembeni mwa feri, vizibo katikati, kila kitu na nafasi ya kupita. Halafu akasimama, komwe moja mkononi.

"Huyu ana mtoto mgongoni," akasema. "Anakaa wapi?"

Nikamwambia kwenye gemu komwe zote ni sawa.

"Si sawa. Huyu hawezi kusimama pembeni, wakisukumana je? Huyu anataka sehemu mbili." Akaitazama feri, akakitoa kizibo kimoja akakirudisha foleni, akaiweka komwe pale katikati ya nafasi iliyoachwa. "Na mwenye gari atangoja. Ana kiti."

Nikaandika sheria ya nane nyuma ya boksi. Kisha nikainuka kwenda jikoni kwake kuomba kunde kidogo, za kuwawekea watoto.